Mezani Kasulo

Likizo hii tulikwenda na watoto mpaka Kolwezi, katika nchi ya Kongo. Tangu Tunduma tulipishana na malori ya shaba yakishuka kwenda Dar es Salaam. Mto Lualaba tuliuona kwenye bwawa la Nzilo: maji mapana, matulivu, ndiyo yaendayo kuwa Mto Kongo.

Jioni jamaa yetu mmoja alitukaribisha kwake, mtaa wa Kasulo. Tuliandaliwa bukari, yaani ugali wa mahindi uliochanganywa na muhogo, laini ajabu, na sombe, ambayo kwetu ni kisamvu, iliyoungwa kwa mawese, na samaki. Watoto walikula hata tukaona haya.

Uani kwa jirani palitandazwa turubai. Chini yake, kumbe, shimo refu! Mwaka 2014 kobalti, madini ya kutengenezea betri, ilionekana chini ya nyumba za mtaa huu. Watu wakachimba nyuani, wengine hata vyumbani. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta, wakazi wake wakahamishwa.

Mwenyeji wetu alikuwa hajachimba. Mkewe alikataa.

“Jiko likiwa shimo,” alituambia, “wageni nitawapikia wapi?”

Mume akatazama sakafu kitambo. Kisha akatuongezea samaki.