Karo Iko Chini ya Gari

Hilux ya marehemu baba tuliitia injini ya 1KZ, lita 3 na turbo, tukasahau giaboksi. Ile otomatiki kuukuu haikuiweza: tukipanda mlima wa Mai Mahiu na viazi, injini inanguruma, gari halisongi, oili inanuka kuungua.

Kirinyaga Road nilipata mbili: moja kama ile ile, bei poa; nyingine A343F, aina iliyobeba hata V8 ya Land Cruiser 100. Fundi akaniambia, “Buda, otomatiki huuawa na joto.” Nikachukua ya pili, pamoja na rejeta yake ndogo ya kupoza oili.

Jana tulipanda na magunia 15, bila harufu. Mama akatabasamu. Bado sijamwambia niliacha chuo, na kwamba karo aliyonipa ndiyo inayotuvuta.