Mbwa Wetu na Kuku wa Jirani

Ndugu walimu watatuwia radhi kwa kuwaletea habari za mbwa na kuku katika kurasa zilizozoea methali na ngeli. Kisa chenyewe ni cha kufundisha, nasi tulikuwa wanafunzi ndani yake.

Hapa Magara twaishi tumebanwa kati ya vilima na maji ya Tanganyika. Mwaka 2021, ziwa lilipopanda na kuingia katika nyumba za ufukoni, mama mmoja jirani alihamia uani kwetu pamoja na kuku sita, ambao mayai yao ndiyo yaliyowanunulia wanawe madaftari. Siku ya tatu mbwa wetu alimuua mtetea mmoja.

Mama yule hakusema neno. Aliokota manyoya, akafagia. Kimya kile kilitutia haya kuliko matusi.

Wazee walitushauri tumfunge mbwa kuku yule mfu shingoni. Tukatii, na fimbo tukaongeza. (Naam, sisi wenye stashahada ya ualimu, tuliosoma chuoni habari za Pavlov na mbwa wake!) Mbwa akawa anatuogopa sisi, kuku bado aliwatamani.

Ndipo tulipojisikiliza. Sisi tulimkemea "acha", watoto wakampigia kelele "reka" kwa Kirundi, na wageni wetu wa mjini wakamwambia "laisse" kwa Kifaransa. Mnyama amtii nani? Tukaafikiana neno moja, "acha", nalo litamkwe kwa sauti ya chini. Kila asubuhi, akiisha kula, tulimfunga kamba tukakaa naye hatua kumi kutoka kwenye ua wa makuti ya mchikichi walimokuwa kuku. Akisikia neno lile akageuza macho, papo hapo alipewa ndagala mmoja mkavu. Tulipochelewa hata kidogo, hakujua analipwa kwa lipi. Akitulia, kesho yake tulisogea hatua moja. Kuku akipiga mbawa ghafula, tulirudi nyuma mbili, maana kinachomwamsha mbwa hasa ni ule mkimbio.

Kazi ilituchukua miezi miwili. Vifaranga hatumwachii peke yake hata leo.

Mama alipopata chumba mahali pa juu, aliondoka na kuku wake watano na mtetea tuliyemlipa. Mmoja alirudi baada ya siku chache, akaja kutaga kando ya kibanda cha mbwa. Mbwa alimtazama, akatutazama sisi, akaketi kungojea ndagala.