Kumweleza Koko Mchezo wa Barafu

Koko wangu anaishi Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto. Kila Jumapili baada ya ibada ninavuka kwa mtumbwi kwenda kumsalimu, na simu yangu lazima iwe na chaji, kwa sababu ndiyo njia yake ya kumwona mjukuu aliyeko Montréal. Mjukuu huyo ni mtoto wa shangazi yangu. Alizaliwa kule, ana miaka 17, anasema Kifaransa na Kiingereza. Kiswahili chake kinaishia kwenye "jambo, Koko". Yanayobaki ninayatafsiri mimi.

Mwaka jana aliniandikia: "Yaya, mwambie Koko kwamba nataka hoki ya barafuni iwe kazi yangu." Nilidhani tafsiri ya sentensi hiyo itachukua dakika moja. Ilichukua Jumapili tatu.

Tulikwama kwanza kwenye kitenzi. Huku kwetu kucheza ni kucheza mpira na ni kucheza muziki. Kazi ni kitu kingine. Koko akasema: "Acheze, bado ni kijana. Lakini kazi ataanza lini?" Kisha tukakwama kwenye barafu. Kwa miaka mingi Koko aliuza maji baridi na barafu za vifuko, na kwake barafu ni mali inayokufa: umeme ukikatika asubuhi, jioni unauza maji ya vuguvugu. Nikamweleza kwamba chini ya uwanja kuna mabomba yanayopitisha baridi usiku na mchana ili barafu isiyeyuke. Akauliza: "Na umeme wao haukatiki?" Nikasema haukatiki. Akanitazama kama mtu anayenisamehe uongo mdogo.

Kigumu zaidi kilikuwa kuteleza. Sikuwa na kitenzi kingine cha mtu anayekwenda mbio juu ya barafu kwa viatu vyenye makali ya chuma. Lakini katika Kiswahili kuteleza ni bahati mbaya, hata tukasema kuteleza si kuanguka ili kumpoza aliyekosea. "Wanamlipa mtu ateleze?" Koko aliuliza. Nilicheka, kisha nikaona kwamba swali lake lilikuwa la haki kabisa.

Nilipolileta swali hilo darasani, mwenzangu alisema ni jambo la kawaida: lugha ya ikweta haiwezi kuwa na maneno ya baridi. Sikukubali. Jijini Nairobi, karibu kabisa na ikweta, hoteli ya Panari ilifungua uwanja wa barafu mwaka 2005, na huko ikazaliwa timu ya Kenya Ice Lions. Mwaka 2018 timu hiyo ilisafiri mpaka Kanada, ikacheza pamoja na Sidney Crosby, mmoja wa nyota wakubwa wa mchezo huo. Lugha hukosa neno kwa sababu hakuna aliyelihitaji. Siku anapotokea wa kulihitaji, ni juu ya wasemaji kulitafuta.

Jumapili ya pili nilibadilisha njia. Badala ya kufafanua maneno, nilimsimulia Koko maisha ya mtu mmoja, yule ambaye picha yake iko ukutani mwa chumba cha binamu yangu: Bokondji Imama, aliyezaliwa Montréal mwaka 1996 na wazazi waliotoka Kongo yetu. Koko aliposikia jina alisema papo hapo, "Bokonzi?", yaani utawala, kwa Kilingala. Nikaanza kumwonya kwamba kufanana kwa sauti si ushahidi wa asili ya neno, kama tunavyofundishwa. Hakunisikiliza. Nami nikajikuta nacheka, kwa sababu moja ya timu alizochezea Imama, huko California, inaitwa Ontario Reign, na Reign maana yake ni utawala.

Nilimsimulia hivi. Mwaka 2015 timu za ligi kuu, NHL, zilipochagua wachezaji chipukizi, Imama alichaguliwa wa 180. Katika msimu wa 2016–2017 alifunga mabao 41 akiwa na Saint John Sea Dogs, na timu ikatwaa ubingwa wa ligi yao ya vijana. Lakini kuchaguliwa si kuingia. Alikaa miaka katika AHL, ligi iliyo ngazi moja chini, ambamo mchezaji hufanya kazi yake huku akisubiri simu ya kuitwa juu. Simu hiyo ilimfikia akiwa na miaka 25: Aprili 2022 alicheza mechi yake ya kwanza ya NHL na Arizona Coyotes. Baadaye alivaa pia jezi za Ottawa Senators na Pittsburgh Penguins.

"Miaka saba anangoja mlangoni," Koko alisema. "Basi hiyo ni kazi."

Akauliza kazi yenyewe ni ipi ndani ya uwanja. Hapo nikahangaika tena. Imama anajulikana kwa nguvu zake: mpinzani akiwaumiza wenzake, yeye ndiye anayevua glavu na kumkabili. Wakipigana, kila mmoja hukaa nje dakika tano, kisha mchezo unaendelea. Nimwiteje mtu huyo? Mlinzi ni beki. Mpiganaji analeta picha ya msituni, na katika mkoa wetu picha hiyo si ya mchezo. Mtetezi ni wa mahakamani. Koko alinisikiliza nikiyataja na kuyakataa, kisha akasema: "Ni yule wa mbele ya mtumbwi, mwenye upondo. Jiwe likija, linakutana naye kwanza." Sijapata tafsiri bora kuliko hiyo.

Nilirudi ng'ambo nikiwa na furaha, nikamwandikia binamu yangu kwamba Koko ameelewa yote na amekubali. Alijibu kwa swali moja: "Ulimwambia na yale ya 2020 na 2022?"

Sikuwa nimemwambia. Januari 20, 2020, mchezaji wa Bakersfield Condors alimtukana Imama kwa rangi yake wakiwa uwanjani. Alifungiwa mechi tano. Miaka miwili baadaye, Januari 2022, Imama akiwa na Tucson Roadrunners, mchezaji wa San Jose Barracuda alimfanyia ishara za nyani. Huyo alifungiwa mechi 30. Nilikuwa nimeyasoma yote mawili, na nilikuwa nimeyaruka. Nilijiambia kwamba namhurumia mwanamke mzee, na kwamba hayo ni mambo ya kule, asingeyaelewa.

Binamu yangu akaandika tena: "Mimi pia nimefanyiwa ile ishara. Mwezi uliopita. Sijamwambia hata mama. Nataka Koko ajue kabla hajanibariki."

Jumapili ya tatu nilivuka mto nikitunga sentensi kichwani. Nilipofika kwa Koko nilianza mbali: kwamba kuna watu, kwamba wakati mwingine, kwamba huko Ulaya na Amerika. Alinikatiza. "Walimwita macaque?"

Alilitamka kwa Kifaransa safi, yeye ambaye Kifaransa hakitumii. Alikuwa msichana mdogo wakati mji huu ukiitwa Stanleyville. Alinisimulia siku alipomsindikiza baba yake kazini, na tajiri Mzungu akamwita baba yake neno hilo mbele yake kwa sababu ya mzigo uliolowa mvua. Baba yake aliendelea kubeba. Njiani wakirudi hakusema kitu, naye hakuuliza. "Leo ndiyo mara ya kwanza nalisimulia," alisema.

Mimi nasoma lugha za Kiafrika, na neno hilo nilikuwa nimelikuta katika masomo. Wanaisimu wanalieleza hivi: linatokana na makaku, wingi wenye kiambishi ma-, katika lugha za Kibantu za upande wa mwambao wa Kongo. Wareno walilichukua wakalifanya macaco, Wafaransa wakalifanya macaque, na Wabelgiji wakaturudishia likiwa tusi. Nilikuwa nimeliandika katika daftari kama mfano mzuri wa neno lililokopwa likarudi nyumbani. Sikuwahi kujiuliza lilirudi kwenye sikio la nani.

Kwa Jumapili mbili nilikuwa nimemtafutia Koko maneno ya kitu asichokijua, nikamficha kitu pekee katika habari ile ambacho hakikuhitaji tafsiri. Mkalimani akiruka sentensi, anaamua yeye nani astahili kujua nini. Sikuwa nimepewa kazi hiyo.

Koko aliniomba nirekodi sauti yake. Alisema kwa Kiswahili, polepole, kama dakika mbili. Alimsimulia mjukuu wake habari ya baba yake na mzigo uliolowa. Akasema kwamba baba yake alinyamaza kwa sababu alikuwa na watoto wa kulisha, na kwamba yule Bokonzi hakunyamaza, na wote wawili walikuwa wanaume. Akasema: "Ukitukanwa, umwambie mama yako siku hiyohiyo. Na kuteleza, teleza. Si kuanguka."

Nilituma sauti hiyo jioni, nikiwa bado ufukweni. Jibu lilikuja kabla sijapata mtumbwi: "Yaya, nitafsirie yote. Usiruke kitu."

Nilikaa juu ya mawe nikaandika mpaka giza likaingia. Ile methali ilinichukua muda kuliko yote mengine, na sijui kama Kifaransa changu kiliitendea haki. Lakini sikuruka kitu.