Kiti Kisicho na Mwenzake

Alipofariki baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, tulirithi nyumba ya mawe katika mji wa Lamu, na ndani yake kiti kimoja cha enzi. Kama kiliwahi kuwa na mwenzake, hakuna aliyekumbuka. Ni kiti cha mti mweusi, kimenakshiwa kwa mifupa myeupe, na mgongo wake umesukwa kwa kamba nyembamba.

Mwanangu, aliyekuwa karibu kuoa, alisema wageni wa harusi watatucheka. Alitaka makochi ya namna moja kulia na kushoto, na meza mbili za kioo. Na dukani ameambiwa ayachukue, kisha alipe kidogo kidogo pamoja na riba. Nami, nakiri mbele yenu, nalikuwa nimekwisha shika kalamu.

Mama yake ndiye aliyenizuia. Hakuleta hoja ya sheria, ingawa angeweza. Alichukua kamba akapima chumba. Ndugu wasomaji, nyumba zetu hizo dari zake huchukuliwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya mita 3 hivi. Ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba. Makochi yakielekeana, magoti ya wageni yangegusana.

Basi tukapanga atakavyo yeye. Ukuta mmoja una zidaka za chokaa, kazi ya mafundi wa zamani, zimepangika sawa kwa sawa kama safu za swala. Ukuta unaoelekea tuliuacha mtupu. Upande mmoja wa chumba tukatandika jamvi, mkeka wa rangi na mito. Upande wa pili, peke yake, kile kiti. Sinia ya shaba haikukaa katikati, bali karibu na mlango, penye mwanga wa uani.

Nilidhani chumba kitaonekana kama dau lililoelemea upande. Kumbe weusi wa kiti mbele ya chokaa nyeupe una uzito wake, nao watosha kupimana na mkeka mzima. Tena ukavu wa ukindu ukiwa jirani na mng'ao wa shaba, kila kimoja huonekana. Ving'aapo vyote, jicho halipati pa kutua. Palipobanduka ukutani fundi alitaka kupaka saruji. Tulikataa: saruji hufungia unyevu ndani ya jiwe la matumbawe, na chokaa huuacha utoke.

Mwanangu alinuna siku mbili.

Siku ya harusi aliingia babu yake bibi arusi, mzee ambaye magoti hayamruhusu kuketi chini. Alitazama huku na huku, akaenda moja kwa moja kwenye kile kiti. Waliobaki wakaketi jamvini, vijana kwa wazee, wakamzunguka kumsikiliza. Hakuna aliyeuliza kiti cha pili kiko wapi. Ile karatasi ya mkopo mke wangu aliwashia mkaa wa kahawa yao.