Kamera ya Amana

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii aghalabu hufundishwa kama usia kwa wafanyabiashara, na mwanafunzi anayesimuliwa katika makala haya aliikariri tangu shule ya msingi bila kuwahi kuwa na mali wala daftari. Maana yake ilimfikia siku alipokabidhiwa kamera isiyo yake.

Alikuwa katika mwaka wa tatu wa masomo ya Kiswahili chuoni Nairobi, akitafiti maandishi ya hadharani katika miji inayouzunguka Mlima Kenya: vibao vya maduka, kuta za hoteli, migongo ya matatu na ubavu wa mikokoteni. Mhadhiri wake alizitazama picha hafifu alizokuwa amezipiga kwa simu, akatikisa kichwa, akafungua kabati na kutoa kamera yake mwenyewe pamoja na lenzi mbili. "Nenda nayo," alisema. "Hii ni amana." Hakuongeza neno. Thamani ya vifaa vile ilizidi karo ya mwanafunzi ya mwaka mzima, naye alijua fika kwamba nyumbani kwao hapakuwa na ng'ombe wa kuuzwa ili kuvilipa.

Amana ni neno zito. Aliyekopa fedha aweza kulipa kwa noti nyingine zozote, ila aliyewekewa amana hudaiwa kitu kile kile alichopewa. Usiku ule mwanafunzi hakulala vyema. Alfajiri alinunua daftari dogo, akaandika humo nambari ya utambulisho iliyo chini ya kamera na zile zilizo kwenye lenzi, kisha akamwachia dadake nakala. Wenzake waliomtangulia walikuwa wamemweleza kwamba mtu anayefika kituo cha polisi bila nambari hiyo huwa hana la kuandikisha katika kitabu cha matukio ila neno "kamera", na kamera zimejaa duniani. Isitoshe, aghalabu nambari hiyo hujiandika yenyewe ndani ya faili la kila picha, hivi kwamba picha ya zamani yaweza kuwa shahidi wa mwenye mali. Alijifunza pia kwamba bima nyingi husita kufidia kifaa kilichoachwa garini bila mtu wa kukilinda. Kwa hiyo aliazimu kutoiacha popote.

Aliyaziba majina ya kiwanda kwa utepe mweusi. Mkoba mzuri wa kamera, uliojitangaza kutoka mbali, aliurudisha kabatini. Akaizungushia kamera leso ya mamake na kuitia katika begi kuukuu la shule. Kadi za kumbukumbu aliamua kutozihifadhi pamoja na kamera. Kila jioni angenakili picha zote katika kidude kingine cha kuhifadhia, kisha kadi angeiweka katika mfuko wa ndani wa shati. Mwizi angeweza kuondoka na jembe, lakini mavuno angeyaacha.

Hivyo ndivyo alivyosafiri. Ndani ya matatu iliyopanda kutoka Nairobi hadi Nyeri, kondakta alimtaka aweke begi nyuma ya kiti cha mwisho, naye akakataa. Alilipakata, akauzungusha mkanda wake mguuni. Kila gari liliposimama kituoni alifunga dirisha, kwa kuwa mikono ya vituoni huwa haibishi hodi.

Mjini Nyeri alifika kwenye kaburi la Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa chama cha skauti, aliyefariki mjini humo Januari 1941 na kuzikwa mahali palipoelekea mlima. Kaulimbiu ya maskauti ni kuwa tayari. Mwanafunzi alijiona skauti kamili. Hata hivyo, utayari wake ulianza kumnyima kile alichokijia. Kwa kawaida vilele vya Mlima Kenya huonekana waziwazi alfajiri, kabla mawingu hayajapanda kuvifunika. Saa hiyo nzuri kwa mpiga picha ndiyo pia saa ambayo barabara huwa tupu na mtu aliye peke yake na kifaa cha thamani huwa windo jepesi. Siku tatu mfululizo aliutazama mlima kupitia dirisha la gesti, mlango ukiwa umefungwa kwa komeo. Alipotoka, watu wakiwa wamejaa njiani, mlima ulikuwa umekwisha kujifunika.

Kutoka Nyeri alipita Narumoru hadi Nanyuki. Huko mlima ulimkumbusha habari aliyowahi kuisoma. Mwaka 1899, Halford Mackinder na wenzake wawili walipofika kilele cha Batian, msafara wao ulikuwa pia na mpiga picha, Campbell Hausburg. Picha za msafara ule zimekuwa ushahidi wa wanasayansi wanaolinganisha barafu ya Lewis ya wakati ule na mabaki yake ya leo, kwani barafu hiyo imesinyaa mno. Hakuna aulizaye kamera iliyozipiga iko wapi. Mwanafunzi aliliwaza jambo hilo akiwa amesimama kando ya kibao cha ikweta, mkono mmoja ukiwa ndani ya koti, umeishika kamera kama mtu aliyeumwa na tumbo.

Alizunguka mlima kupitia Meru, Chuka na Embu. Kila jioni alizihamisha picha na kuzikagua, na kila jioni akaona upungufu ule ule. Vibao vilikuwapo, maneno yalisomeka, lakini picha hazikuwa na watu. Alizipiga upesi, kutoka upande wa pili wa barabara, kisha akaficha kifaa na kuondoka. Hakumuuliza mwenye kinyozi kwa nini alikiita kibanda chake jina lile, wala fundi wa baiskeli ni nani aliyemwandikia kibao chake. Kila aliyemsogelea alimhesabu mwizi hadi athibitishe vingine, na hakumpa yeyote nafasi ya kuthibitisha.

Katika matatu iliyotoka Embu, ilipokuwa ikipita katikati ya mashamba ya mpunga ya Mwea, mzee mmoja aliyeketi karibu naye alimega ndizi mbili kwenye kichane, akampa moja. Mwanafunzi alikumbuka kwamba wahuni wa mjini huziita dawa za kulevya wanazowatilia watu katika chakula na vinywaji "mchele". Alitabasamu kwa kulipata neno hilo njiani kwenye mpunga wenyewe, kisha akasema, "Asante, mzee, nimeshiba." Mzee alimtazama, akalitazama begi lililofungwa mguuni, akaelewa. Aliila ndizi yake kimya, akageukia dirishani. Hapakuwa na dawa katika ndizi iliyotoka gandani mwake. Hadi waliposhuka Makutano hawakusemezana tena, na mwanafunzi hakujua mzee yule aliyekuwa ameishi miaka yote hiyo kando ya mlima angemweleza nini.

Kituo cha mwisho kilikuwa Karatina, mji wenye soko kubwa linalojulikana mbali kwa viazi, karoti na kabichi. Ndani ya soko aliona kipande cha katoni kilichotundikwa juu ya rundo la viazi, kimeandikwa kwa mkono: "Kukopa harusi, kulipa matanga." Chini yake aliketi mama wa makamo. Safari hii maandishi bila mwandishi yasingemfaa, kwa kuwa mkono uliyoyaandika ulikuwa pale pale ukipima viazi. Mwanafunzi alijikaza, akasogea.

"Shikamoo, mama. Naomba kuchukua picha yako."

"Marahaba. Uichukue uipeleke wapi?" mama aliuliza. "Nimeuza viazi Kongowea, Mombasa, miaka tisa, na kule watu hupiga picha. Hawachukui. Anayechukua kitu cha mtu bila kukirudisha anaitwaje, mwanangu?"

Wachuuzi wa jirani walicheka. Mwanafunzi, ambaye alikuwa amepoteza alama katika mtihani kwa kutumia usemi ule ule uliotafsiriwa sisisi kutoka Kiingereza, aliinamisha kichwa. Mama hakuwa amemaliza. "Nimekuona tangu uingie. Umelikumbatia begi kama mtoto mchanga. Unatuogopa tusikuibie kamera. Sisi nasi hatuna haki ya kuogopa usituibie sura?"

Swali hilo lilimkaa. Kwa hakika, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaweza kuihesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa taarifa yake binafsi, lakini mama hakuhitaji sheria ili kuyajua hayo. Mwanafunzi aliketi juu ya gunia, akaeleza utafiti wake na jinsi kamera ilivyokuwa ya mwalimu wake. Mama akaanza kumsimulia jinsi wateja walivyomfilisi kwa mikopo hadi akaandika kibao kile. Yalikuwa maelezo ambayo hakuyapata katika miji yote aliyoipita. Aliliweka begi miguuni ili apate mikono miwili ya kuandika.

Hapo mvua ikashuka ghafla. Watu walikimbia huku na huku, maturubai yakavutwa, na kijana mmoja wa mkokoteni akapita kwa kishindo katikati ya meza, akimpiga kumbo mwanafunzi. Alipotazama chini, begi halikuwapo. Kijana yule alikuwa hatua ishirini mbele, akikimbia.

Neno lilimpanda kooni. Kila aliyekulia Kenya analijua neno hilo na kazi yake sokoni. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 50, humpa kila mshtakiwa haki ya kuhesabiwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vingine. Lakini neno hilo likipigwa ukelele katikati ya soko, mashtaka, ushahidi na hukumu hukamilika kabla aliyelitamka hajavuta pumzi ya pili. Baada yake huja mawe, na wakati mwingine gurudumu na petroli. Mwanafunzi alifungua kinywa.

Mkono wa mama ulimkamata kifundo cha mkono kwa nguvu. "Unataka kumuua nani?" alimwuliza kwa sauti ya chini, kisha akaelekeza kidevu chini ya meza.

Ilimbidi mwanafunzi apige magoti ndipo alione begi. Lilikuwa juu ya kreti, limefunikwa gunia kavu. Mama alikuwa amelivuta mvua ilipoanza, akiwa angali anazungumza. Yule kijana alikuwa akiyakimbia maji, kama watu wote.

Mwanafunzi alikaa chini ya turubai kwa muda mrefu, akitetemeka kuliko baridi ilivyostahili. Aliyapitia mambo yote aliyoyaandaa. Kadi ilikuwa kifuani mwake. Picha za siku zilizotangulia zilikuwa zimenakiliwa. Nambari zilikuwa daftarini, na nakala kwa dadake. Lau begi lingekuwa limeibwa kweli, angekwenda kituoni, angeandikisha, angepewa hati ya polisi iitwayo abstrakti, kisha angemkabili mwalimu wake na kulipa deni kidogo kidogo kwa miaka. Lingekuwa deni chungu, lakini lingelipika. Deni alilokuwa karibu kulitwaa kwa neno moja halikuwa na malipo. Hapo ndipo alipoitambua faida ya daftari ambayo hakuifikiria alipolinunua. Haliuzuii mkono wa mwizi. Humwezesha aliyepoteza mali kufumba kinywa hadi ajue alilopoteza na aliyelichukua.

Mvua ilipopungua kijana alirudi na mkokoteni wake, akiwa amelowa chapachapa, akamwomba radhi mwanafunzi kwa kumpiga kumbo. Ubavuni mwa mkokoteni paliandikwa kwa rangi nyekundu: "Mtaka cha Mvunguni." Mwanafunzi alishindwa kumtazama usoni. Alimwuliza kwa adabu kama angemruhusu kumpiga picha pamoja na maandishi yake. Kijana alikubali, kwa sharti kwamba naye apate nakala. Mama alijifuta uso kwa khanga, akaketi wima chini ya katoni yake. "Sasa piga," alisema.

Mwanafunzi aliitoa kamera mbele ya soko zima kwa mara ya kwanza katika safari ile. Hakuiachia mkanda wake shingoni, kwa maana tahadhari si dhambi, lakini hakuificha. Wachuuzi waliokwisha kumjua walisimama kumzunguka, na hapakuwa na komeo la gesti lililomlinda vyema kuliko macho yao. Kabla ya kuondoka alilifungua daftari. Chini ya nambari za kamera na lenzi akaandika: "Karatina. Picha mbili. Hazijalipwa."

Mhadhiri alipovipokea vifaa vyake alivihesabu, akaigeuza kamera, akaridhika. "Hukuibiwa?" aliuliza.

"Sikuibiwa, Mwalimu," mwanafunzi alijibu. "Nusura niibe mimi."

Mhadhiri alimtazama akingoja maelezo. Alipoyasikia yote hakusema kitu, ila alikifunga kabati bila kuirudisha kamera ndani.

Wiki mbili baadaye bahasha ilipandishwa matatu ya kwenda Karatina ikiwa na picha mbili zilizosafishwa kwenye karatasi nzuri. Jioni simu ililia. "Zimefika," mama alisema. "Kijana wangu ameshaibandika yake kwenye mkokoteni, kwa ndani, isije ikanyeshewa." Mwanafunzi alichukua kalamu, akapiga mstari juu ya deni.