Kumi Kasoro Mmoja

Baba yangu alihesabu vitu vya watu kwa miaka 31. Alikuwa karani wa stoo katika godauni moja la Industrial Area, na kazi yake ilikuwa kujua magunia mangapi yameingia, mangapi yametoka na nani anadanganya. Kila asubuhi alitoka nyumbani kwetu Maringo kwa miguu, akavuka Jogoo Road, akavuka reli, akapotea katika ule umati wa wafanyakazi ambao mpaka leo huelekea viwandani kabla jua halijachomoza. Akastaafu. Mama akafariki. Halafu hesabu zikaanza kumponyoka. Anatia chai sukari mara tatu. Anauliza leo ni siku gani, unamjibu, anauliza tena.

Daktari alisema tumtafutie kitu cha kumshughulisha. Ndugu yangu akapendekeza redio mpya. Mimi nikafikiria samaki, kwanza kwa sababu Baba ni mtu wa ziwa, na pili kwa sababu siku moja kwa daktari wa meno alikaa saa nzima akitazama tangi lao, na jina lake lilipoitwa akakataa kuinuka.

Tangi nilitengenezewa na fundi wa vioo hukohuko Industrial Area, karibu na ofisi yetu. Urefu sentimita 60, upana 30, kimo 30. Hiyo ni lita 54 likijaa pomoni. Hapo hapakuwa na shida.

Shida ilikuwa samaki. Nilidhani ni kuingia dukani, kunyoosha kidole na kulipa kwa M-Pesa. Kijana wa duka akaniuliza maji yangu yana muda gani kwenye tangi.

"Nimeweka jana."

Akacheka. "Madam, hayo maji hayajaiva."

Akanieleza kwamba samaki hunya mlemle anamoishi. Uchafu wake hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti, ambayo pia ni sumu, na wengine wanaoigeuza hiyo kuwa naitreti, ambayo ina nafuu. Bakteria hao huchukua wiki nne, pengine sita, kujijenga ndani ya sponji ya filta. Akanikatia kipande cha sponji chafu kutoka tangi lake. "Ni kama ile mala unabakisha ya kuanzishia nyingine. Washa filta, kila siku tia chakula kidogo kama vile wako ndani. Rudi mwezi ujao."

Kwa hiyo mwezi mzima nikawa nalisha tangi tupu. Baba alinitazama siku tatu bila kusema neno, kisha akampigia ndugu yangu simu na kumwambia kwamba mimi ndiye nimeanza kupotea.

Kuhusu klorini sikupata taabu. Maji mengi ya bomba hapa Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, na klorini inayotukinga sisi na kipindupindu huua samaki. Lakini mgao umetufundisha watu wa Eastlands kuishi na madramu, na maji yakikaa wazi siku moja au mbili klorini hujitokea yenyewe. Ni mara ya kwanza mgao kunifaa.

Niliporudi dukani nilitaka neon tetra, wale wadogo wenye mstari wa buluu unaowaka na mkia mwekundu. Asili yao ni mito ya Amazon. Kijana akauliza, "Una hita?" Sina. Na tokeni za stima za mzee haziishi mwezi. Julai ya Maringo ni ya kulala na soksi, neon wangeteseka. Akanionyesha guppy. Hao hawatagi mayai, huzaa watoto walio hai, tena bila kupumzika. "Ukinunua sita, Krismasi uko na sitini." Nikamfikiria Baba akihesabu kundi lisilokoma kuongezeka, nikaona huo ni ukatili.

Tukaishia kwa zebra danio. Ni wadogo, wembamba, wana mistari ya buluu kutoka shavuni hadi mkiani, na asili yao ni mito ya India na Bangladesh. Maji ya digrii 18 wanayavumilia bila hita.

"Nipe wawili nijaribu."

"Wawili siuzi. Hawa ni wa kundi. Ukiwapeleka wawili, mmoja atamkimbiza mwenzake mpaka ammalize. Sita kuenda juu."

Nikasema kumi, kwa sababu kumi ni hesabu rahisi. Akanizuia nisikimbilie kuchagua samaki kabla ya kuchagua tangi. Kukiwa na mmoja aliyekufa chini, usinunue hata mmoja humo, maana maji wanayoyatumia ni yale yale. Tazama vidoa vyeupe kama chembe za chumvi. Tazama mapezi yaliyobana mwilini. Muogope anayesimama pembeni wenzake wakipita. Kisha akatupa chakula, na wote wakaja juu kwa fujo. Hapo ndipo alipotumbukiza wavu.

"Na ufunike tangi," akasema. "Hawa huruka."

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2017, kwa hiyo nilikuja na ndoo ya Kasuku, nimeisugua bila sabuni. Kwenye matatu makanga akachungulia. "Siste, hiyo ni omena?"

Baba naye alitaka kujua bei. Nikamwambia mia moja hamsini kila mmoja. "Elfu moja mia tano! Gikomba ungepewa omena za mwezi mzima." Lakini alikwisha kuvuta kiti.

Kundi halitulii uhesabu. Ukifika sita wanageuka wote pamoja, unaanza upya. Baba alipata njia yake: anangoja chakula kiingie, anawahesabu watatu watatu, halafu mmoja wa mwisho. Akaniagiza daftari. Kila jioni akaandika tarehe na 10.

Alhamisi moja akasema, "Tisa."

Nikahesabu. Wakageuka. Nikahesabu tena. "Ni kumi, Baba."

"Ni tisa, mama." Huniita mama, nina jina la mama yake.

"Kumi," nikasema, kwa ile sauti ya kuzungumza na mtoto. Akaandika 9, na pembeni yake: *upungufu, haujaelezwa*. Usiku nikampigia ndugu yangu na kumwambia hali inazidi. Tukakubaliana nimrudishe kwa daktari Jumatatu.

Jumamosi nilikuwa nafagia nyuma ya kabati la runinga. Ufagio ukatoa kitu kilichopinda, kikavu kabisa, kimejaa vumbi. Mistari ilikuwa bado inaonekana. Nikainua macho kwenye kifuniko: pale mpira wa hewa unapoingilia palikuwa na mwanya wa vidole viwili.

Nikamweka kwenye karatasi na kumpelekea Baba. Akavaa miwani, akamtazama kwa muda. Akafungua daftari, akalikata lile neno *haujaelezwa*, akaandika sababu. Kisha akanisukumia kalamu.

"Weka sahihi," akasema. "Wewe ndiye uliyekuwa zamu."