Kielezi na Kifungo

Ndugu zangu wa nyumbani, nataka leo kuwaeleza jambo la sarufi ambalo sisi tunaoishi ugenini Marekani tuna sababu ya kulishika barabara, nalo ni mahali pa kielezi katika sentensi ya Kiingereza. Tangu Askofu Robert Lowth, katika kitabu chake cha mwaka 1762, alipowausia waandishi wakiweke kielezi karibu na neno kinalolihusu, wanazuoni wamebishana juu ya "only", yaani "tu", ambalo likitangulia jina la mtu humtenga na wenziwe wote, na likihamia mbele ya kitenzi huacha shaka kama linabana tendo, au mtendwa, au wakati. Mwanakamusi H. W. Fowler, mwaka 1926, aliyatetea mazoea ya wasemaji ya kuliweka mbele ya kitenzi, nami naona alisema haki, maana katika mazungumzo sauti hufasiri. Lakini ibara ya sheria haina sauti.

Kesi moja yaonyesha hivyo. Ignacio Flores-Figueroa, mzaliwa wa Mexico aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha chuma huko Illinois, alimpa mwajiri wake mwaka 2006 kadi za bandia zenye jina lake mwenyewe, ilhali namba zilizomo zilikuwa za watu wengine. Sheria ya Marekani humwongezea kifungo cha miaka 2 mtu anayetumia, "knowingly", yaani kwa kujua, kitambulisho cha mtu mwingine. Kielezi kimetangulia vitenzi, na ule "mtu mwingine" umekaa mwisho kabisa wa ibara. Basi serikali, ilipomshtaki, ikashikilia kwamba kujua hakufiki huko mwisho, na kwamba yatosha mshtakiwa ajue anatumia kitambulisho kisicho halali, hata kama alidhani namba zile zimebuniwa tu.

Mahakama ya Juu ilikataa. Mwezi wa Mei 2009, kwa kalamu ya Jaji Stephen Breyer, iliamua kwamba msikilizaji wa Kiingereza cha kawaida hukichukua kielezi cha namna hiyo pamoja na kitenzi na mtendwa wake mzima, hivyo sharti ithibitike kuwa mshtakiwa alijua kuna binadamu mwenye namba ile.

Uamuzi huo ni wa adili, ila ulichelewa. Mwaka mmoja kabla yake, huko Postville, Iowa, mamia ya wafanyakazi wa kiwanda cha nyama, wengi wao Waguatemala, walikamatwa, na wengi wakakiri makosa mepesi zaidi na kupokea kifungo cha miezi 5 kwa kuihofia miaka 2 ile. Mahakama ilipokuja kusema kielezi kinafika wapi, wao walikuwa wamekwisha kukitumikia kifungo chao.